Mwizi Anayepiga Lipu

Kidonda cha Bi Muzna kilianzia msikitini, Al-Khudh,
mwezi wa saba, vigae vya uani vimewaka kama tanuri.
Viatu alivivua mlangoni, akavuka polepole,
unyayo ukaungua naye hana habari.
Sukari ilishakata waya kati ya mguu na kichwa.

Wiki ya kumi na moja sasa.
Kila jioni nafungua bendeji, nanusa kabla sijatazama.
Yeye hugeukia dirishani. "Kimepungua?"
"Kinajaribu."

Mchana niko maabara na kichupa cha protini ya mnyoo.
Si mnyoo mwenyewe, Bibi, nimekwambia.
Ni neno lake moja tu,
tumewafundisha bakteria kulitamka.

Mwenyewe hukaa kwenye mirija ya nyongo
ya watu wa mbali walao samaki wabichi.
Hutafuna kuta za nyumba aliyopanga,
lakini si mjinga: ikianguka, atalala wapi?
Kwa hiyo kila ang'atapo, hutema amri:
seli, gawanyikeni,
mishipa, chipueni, leteni damu hapa.

Bibi akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza.
"Kumbe mwizi anayepiga lipu!
Mie Wete nilikojoa damu mwaka mzima, kichocho cha mtoni,
hakuna aliyenambia mdudu ni fundi."

Sikumwambia lililobaki:
kwamba kule mbali, baada ya miaka ya kutoboa na kuziba,
seli nyingine husahau kusimama,
na uvimbe huota palepale palipotibiwa.
Ndiyo maana kichupa hakitoki maabara.
Mpaka leo waliopona ni panya.

Asubuhi nilikwaruza zulia la seli, mstari mmoja.
Chini ya hadubini ulikuwa mpana kama bonde letu wakati wa kiangazi.
Alasiri kingo zilikuwa zinaitana.
Na katika sahani ya pili, seli za mishipa
zilikuwa zimeshikana mikono, zimechora falaji,
mifereji midogo isiyo na maji bado.

Nimerudi. Nimenawa. Nimefungua bendeji.
Upande wa kidole gumba kuna utando wa waridi,
upana wa punje ya mchele.
Si kazi ya mnyoo. Ni chachi, maji ya chumvi,
na halwa iliyofungiwa kabatini, ufunguo ninao mimi.

"Kimepungua?"
"Punje moja."
Akanyamaza, akavuta kanga juu ya goti.
"Mwambie fundi wako aharakishe.
Ila ajue pa kuishia.
Asije akanipiga lipu hadi puani."