Mpango wa Agosti

Lovro amekunjua ramani juu ya meza ya jikoni,
ramani ya marehemu baba yake, iliyochanika mikunjoni
ikaungwa kwa plasta za vidonda.
Kichupa cha chumvi anakisimamisha pale Triglav.
Kikombe ni bonde la Vrata, kijiko ndiyo njia,
na makombo ya mkate, asema, ni sisi.

Kila Mslovenia, husema watu wa huku,
sharti aukwee Triglav japo mara moja
ndipo ahesabiwe mwenyeji.
Mume wangu ana miaka sitini na miwili.
Thelathini na mitano ya hiyo ameipanga safari hii
kila Machi, theluji ingali ikidondoka kutoka mapaani
kwa kishindo cha mtu anayevua viatu.

Mwaka tuliooana, mvua.
Uliofuata, Neža alikuwa tumboni.
Halafu zamu za usiku, kiwanda cha chuma,
halafu goti, halafu goti la pili,
halafu ule mwaka tusioutaja.

Mipango si matumizi, namwambia.
Hajibu. Analamba ncha ya penseli, anaandika:
soksi za sufi, jozi mbili. Kamba. Taa za kichwani.
Soseji kavu. Dawa ya goti la kulia.
Dawa ya goti la kushoto.
Kisha anapiga simu Kredarica, kule kwenye nyumba ya wapandaji.
Vitanda vitatu, asema. Kimoja kiwe karibu na mlango,
mke wangu huamka usiku.

Sikujua kwamba anajua.

Mjukuu wetu Jaka, miaka tisa, ubwabwa haujamtoka shingoni,
anaweka kidole chenye jemu chini ya kilele:
Babu, hii buluu ni ziwa?
Ni barafu, ile isiyoyeyuka.
Mwalimu kasema imeyeyuka.
Limebaki pande dogo tu, na kokoto.
Lovro alikitazama kile kichupa
kama mtu aliyeambiwa habari za jirani
aliyekuwa akipanga kumtembelea.
Hakufuta. Kando ya buluu aliandika
kwa herufi ndogo: tukaone kilichobaki.

Usiku niliamka, kama kawaida.
Viatu vipya vilikuwa ndani ya boksi, vigumu kama ubao.
Vinataka kuzoeshwa, muuzaji alisema, wiki nane.
Nikavivaa juu ya soksi, nikazunguka meza,
kutoka jikoni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni,
kisigino kikiniuma, nikihesabu mizunguko
badala ya kuhesabu yale mengine.
Huko chumbani mkoromo ulikoma.
Akanisikiliza. Hakuita.

Asubuhi ramani ilikuwa bado mezani.
Yai lake alilimenya polepole,
akalila bila chumvi,
asije akauondoa mlima.