Hodi

Miwani inavaliwa juu ya kilemba,
mkanda nyuma ya kisogo, usibane.
"Mama, ukiona giza usiogope, nyumba inakuja."
Ndivyo ninavyosema, mara kumi na moja kwa siku,
hapa Barabara ya Sita, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
tunapouza nyumba za Nala
ambazo bado ni vigingi vyekundu na kibao kilichopauka.

Wengine huingia kama wakaguzi.
Yule wa wizarani alipita katikati ya ukuta, akacheka,
akauliza bei ya ukuta.
Wachumba wawili wa chuo waligombana jikoni
juu ya sinki lisilokuwepo,
wakashuka ngazi hawasemezani.

Bibi Mbeleje alikuja Jumanne
na kopo la maziwa ya unga, ndani yake misimu minne ya Hombolo,
noti zikinuka salfa ya mizabibu.
Nikamvisha. Akatulia.
Kisha akavua ndala.
Kisha akainama mlangoni, akainama sana,
ingawa mlango tuliouchora una mita mbili na robo;
akainama kama anayeingia tembe,
kichwa kikikumbuka kizingiti
kilichobomolewa mwaka wa Operesheni.
Akasema: "Hodi."

Kompyuta ina kila kitu.
Ina jua la saa kumi linaloteleza kwenye vigae,
ina mwarobaini unaotikiswa na upepo usio na vumbi
(Dodoma, upepo usio na vumbi!
Mchoraji wetu hajawahi kuanika nguo hapa).
Haina wa kuitika.

"Hodi," tena. Kidole hewani
kikigonga pasipo na mbao.
Hodi ya tatu ndiyo ya mwisho, sote tunajua,
baada yake mstaarabu hurudi alikotoka.
Meneja akainua macho kwenye simu.
Mimi, nyuma yake, nimeshika waya asijikwae:
"Karibu, bibi. Karibu ndani."

Akaingia.
Alizunguka robo saa. Hakuuliza bei.
Aliuliza moshi utatokea wapi,
na jirani wa kushoto anaitwa nani.
Nikasema, bado hatujamchora.
"Mchoreni," akasema. "Nitarudi."
Akahesabu vidole vya miguu yake, akavaa ndala.

Kesho yake meneja alinirekodi.
Nilisema karibu mara thelathini: kwa furaha, kwa upole,
kama mwenye nyumba, kama mtoto aliyetoka mbio uani.
Wakachagua ya ishirini na mbili,
nilipokuwa nimechoka.

Sasa nimo ndani ya kila nyumba ya Nala.
Mteja akibisha, naitika kabla sijafumbua mdomo.
Jioni nafunga ofisi, natembea hadi Chang'ombe,
chumba kimoja, nadaiwa kodi ya miezi mitatu.
Mlango wa bati. Ufunguo mkononi.
Nabisha kwanza, sijui kwa nini,
nasikiliza.