Kuinama

Siku ya tano ya theluji, njia ya kanisani imezibwa.
Kengele inalia kama mtu aliyejifunika blanketi,
na Haykanush, mama wa mume wangu,
hajagusa hata kitambaa chake cha Jumapili.
"Leo hatusali?" namuuliza.
Ananikabidhi birika la maji ya uvuguvugu.
"Mimina kidogo kidogo," anasema. "Unga si punda, hausukumwi."

Miaka miwili nimekaa katika nyumba hii
na bado Mungu namfanya mgeni wa heshima:
namtandikia chumba cha mbele,
nampa kikombe chenye ukingo wa dhahabu,
kisha nafunga mlango na kurudi jikoni kununa.
Kwetu Vanadzor nilimwimbia vizuri.
Nilikuwa sauti ya pili; watu walifuta machozi.
Nikifika nyumbani, nilimkasirikia mama kwa ajili ya sahani tatu.

Tanuri letu limechimbwa sakafuni.
Hakuna namna ya kuoka mkate ukiwa umesimama wima.
Unapiga magoti, unautanua unga juu ya mto
mpaka uwe mwembamba kama shuka ya mtoto mchanga,
unaingiza kichwa, bega na mkono ndani ya joto lile,
unaubandika ukutani, pa!
na kutoka kabla nyusi hazijaungua.
Mara themanini kwa asubuhi moja.
Nilihesabu siku ya kwanza, kwa kuwa nililia.

"Themanini," nilimwambia usiku ule, nikijipaka mafuta magotini.
"Umeinama mara themanini," akanijibu,
"na hukusema na Yeye hata neno?
Binti yangu, umekaa mtoni ukanawa kwa mate."

Tangu hapo najaribu.
Mkate wa kwanza nautajia jina la Hrant,
aliye Urusi akiwajengea wengine nyumba.
Wa pili ni wa baba yangu na kikohozi chake.
Nikifika wa kumi nimewamaliza wote ninaowapenda,
na hapo ndipo kazi inapoanza.

Leo, kwenye mkate wa kumi na moja,
jina lililokuja ni Varsenik,
jirani yetu wa ukuta kwa ukuta,
aliyekopa magunia mawili ya unga kabla ya baridi
na kutangaza sokoni kwamba mimi ni mgumba.
Nikaubandika. Ukaanguka majivuni.
Nikabandika mwingine. Ukaanguka.
Haykanush hakuniangalia.
"Ukuta umepoa," alisema.
"Au mkono."

Sikusamehe. Niseme ukweli.
Sikuona nuru, sikutoa chozi.
Nilikanda tena,
nikachora msalaba juu ya donge kwa ukingo wa kiganja,
upesi, kama anavyochora yeye,
kama mtu anayepangusa vumbi mezani,
nikasema: Bwana, huyu hapa. Simpendi. Mkate ni wako.

Ukashika.

Mchana theluji ilipositasita
nilifunga mikate kumi na miwili, nikachukua sepetu,
nikafukua njia. Si ya kanisani.
Ni hatua ishirini na tatu mpaka mlangoni kwa Varsenik,
na kila sepetu niliitupa kwa hasira.
Alifungua. Hakuomba radhi, wala unga hakuutaja.
Aliumega mmoja palepale kizingitini, akatafuna taratibu.
"Chumvi imezidi," akasema.
Lakini alisimama pale, bila viatu, mpaka nilipofika kwetu.

Haykanush alikuwa akimenya viazi.
"Ibada ilikuwaje?"
"Ndefu," nikasema.
Alicheka hadi kisu kikamponyoka.

Magoti yananiuma bado, na kesho kuna unga wa kukanda.
Nimeingia chumba cha mbele, kwenye baridi yake ya makumbusho,
nikakitoa kile kikombe chenye ukingo wa dhahabu,
nikakisuuza,
nikakinywea chai jikoni, karibu na moto.