Ngozi Iliyonificha

Ngariba ni kijana. Ana chunusi kidevuni.
Kaniuliza umri, nikamwambia sitini na saba,
akakiinamia kisu chake kana kwamba
kisu ndicho kilichokosa adabu.
"Ibrahimu alikuwa na tisini na tisa," akasema.
Nikamjibu: Ibrahimu hakuwa na baridi yabisi,
wala hakuja Amsterdam siku ishirini na sita
amelala juu ya shehena ya chumvi.

Nje mfereji umeganda. Watoto wa Kiholanzi
wanateleza juu yake wakipigana mieleka.
Humu ndani kuna makaa, divai, sahani ya mchanga,
na kiti kimoja kisichokaliwa na mtu:
cha nabii Eliya, nimeambiwa,
ambaye harusi huenda akakosa, tohara hakosi.

Kabla hujakata, kijana, ngoja kidogo.
Nina wa kumuaga.

Ewe govi langu,
kule Porto hukuwa najisi, ulikuwa pazia.
Mama aliwasha mshumaa wa Ijumaa ndani ya mtungi,
na soseji za nguruwe tukazianika dirishani
ili jirani, Dona Violante, azihesabu, alale usingizi.
Nilipiga magoti kanisani. Nilimeza mkate wao.
Ulimi uliapa, magoti yaliapa,
lakini wewe ndiwe uliyeaminiwa.
Maana walipomkamata mjomba Lopo
hawakumuuliza neno juu ya imani.
Walimvua suruali.
Kovu la ukubwa wa ukucha likatoa ushahidi,
na kuni zikaletwa.

Leo kila aliyemo humu anakuita aibu.
Mimi siwezi kumtukana mlinzi wangu
eti kwa kuwa zamu yake imekwisha.

Nasikia zama za wafalme wa Kiyunani
vijana wa Yerusalemu walijivuta ngozi irefuke,
wapate kucheza uchi uwanjani bila kuchekwa;
na akina mama waliotahiri wana wao kwa siri
walitembezwa mjini, watoto wakining'inia vifuani.
Yoshua alitumia visu vya gumegume.
Wana wa Ishmaeli nao wana siku yao, na farasi, na ngoma.
Ngozi yenyewe hii! Ingekuwa karatasi
isingetosha sahihi moja.

Mwanangu Gaspar amesimama dirishani.
Mapadri wa Koimbra walimfundisha Kilatini na kumpenda Yesu,
naye akavipenda kweli vyote viwili.
Siri yetu nilimficha hadi miaka ishirini,
nikimwogopa mtoto wangu
kama mtu anavyomwogopa mbwa wa jirani.
Jana kasema, "Baba, mimi nabaki nilivyo."
Rabi akamwonya: wasiotahiriwa huzikwa nje ya ua, kando ya mto.
Gaspar akajibu kwamba mto hauna ubaya.

Mjukuu ana siku nane. Yeye ametangulia.
Alilia mara moja, akanyonya kitambaa cha divai, akasahau.
Brites, mama yake, yuko chumba cha pili
anatafuna mkono wa gauni lake.
Mtoto hatakumbuka kitu.
Nitakumbuka mimi, kwa niaba ya wote wawili.

Haya, kijana. Kata.

*

Usiku. Homa kidogo. Damu imepita kitambaa cha tatu.
Jina langu jipya limesimama mlangoni kama mgeni
asiyejua avue viatu au asivue.

Aliyeingia na beseni la maji ya uvuguvugu ni Gaspar.
Anafungua bendeji bila kunitazama usoni,
anaosha, anapaka mafuta ya waridi, anafunga upya.
Kisha, kwa vidole vilevile, haraka,
anafanya ishara ya msalaba juu yangu,
akidhani nimelala.

Sijalala.
Nafumba kope zaidi.
Ndilo pazia nililobaki nalo.