Nyundo ya Anyimike

Treni iliandikwa saa nane mchana.
Saa kumi na mbili bado tulikuwa Iyunga,
tumekalia mizigo yetu kama kuku walioatamia,
na baridi ya Juni ikishuka kutoka Loleza
bila hodi, moja kwa moja kwenye magoti.
"Panda basi, baba Lusekelo, kesho umefika,"
alisema mke wangu.
Nikamjibu: fundi wa magurudumu
haendi kwa mafundi wenziwe kwa matairi.
Akacheka, akanikaza skafu shingoni, akarudi na bajaji.

Kikapuni: maparachichi kumi na mawili ya Rungwe,
magumu kama kokoto za reli. Niliyapigia hesabu:
siku moja njiani, siku moja ya kusalimiana,
ya tatu yakubali kijiko.
Mchele wa Kyela, kilo tano.
Na chini kabisa, ndani ya gazeti,
nyundo ya Anyimike, mpini uking'aa
pale kidole gumba kiliposhinda miaka thelathini.
Mjane wake aliileta mwenyewe kutoka Tukuyu.
"Sisi tunavunjia karanga tu," alisema.
"Ipeleke inakojulikana."

Saa tatu usiku chuma kikalia.

Songwe niliijua gizani kwa vumbi la saruji ulimini.
Mlowo kina mama waliinua sinia za ndizi dirishani,
tochi za simu wamezibana kwa meno.
Mimi nilisikiliza chini ya sakafu.
Gurudumu la tatu, upande wa kushoto,
lina kikohozi.
Nikataka kumwambia mtu. Kijana wa kitanda cha juu
ana nyaya masikioni, mwingine
amelala kinywa wazi.

Mpika, mwaka wa sabini na tisa, tulikuwa wanne:
Bwalya, Mutale, Anyimike, na mimi,
na mwalimu Mchina mwenye maneno ishirini ya Kiswahili,
kumi na tisa ya vyuma, la ishirini "tena".
Tena. Tukagonga tena.
Gurudumu zima huimba, lenye ufa hukohoa.
Jicho utalidanganya;
sikio halipakwi rangi.

Tunduma kichwa cha treni kikafa.
Tukalala hapo, tukaamka hapo, tukalala tena.
Wauza kwacha walichoka kutuuliza,
wakaanza kutuamkia kama majirani.
Kila asubuhi nilibonyeza maparachichi.
Yalikuwa yanasafiri haraka kuliko sisi.

Ng'ambo, Nakonde, ofisa akafunua gazeti.
"Hii nini?"
"Nyundo ya marehemu."
"Unakwenda kutengeneza nini?"
Nilitafuta jibu linaloenea kwenye fomu yake,
nikalikosa.
Akanitazama. Akagonga muhuri.
Muhuri wake nao ulilia vizuri.

Kisha Kasama usiku, miti, miti,
giza lisilo na mlima wa kuegemea,
nami mtu wa milima nikajiona mwepesi, kama nimevuliwa kofia.

Mpika nilishuka siku ya nne na miguu ya mbao.
Mutale hakuwepo; mguu, walisema, tutamfuata nyumbani.
Bwalya alikuwa amesimama kwenye nguzo ileile
akiangalia mtu mwingine.
Macho yake yana ukungu sasa.
Nikaiweka nyundo mkononi mwake, sikusema kitu.
Kidole gumba kikatembea kwenye mpini,
kikafika kwenye lile bonde dogo, kikakaa.
"Anyimike," alisema.
Halafu: "Na aliyeileta ni nani?"
Akanipapasa hadi begani, akanigonga kwa fundo la kidole,
mara tatu, kichwa amekiinamisha,
sikio karibu na koti langu.

"Zima," alisema. "Halina ufa."

Alinidanganya. Mwalimu angesema tena.
Tulikaa palepale jukwaani tukala maparachichi,
meusi, yamepasuka, yanaonja mchele mbichi na gazeti,
tukiyachota kwa vidole,
na treni yangu ikaondoka ikikohoa,
sote wawili tukageuka kusikiliza,
tukasema kwa pamoja: la tatu, kushoto.