Shika Darubini Kinyume

Saa kumi na moja alfajiri, Dundee, mtaa wa mteremko,
baridi inang'ata masikio kama mdai.
Bwana Petrie kanigongea ukutani mara tatu:
mwezi umeanza kupatwa.

Kwetu Korogwe tungetoka na sufuria na miiko,
tupige hadi uachiwe.
Hapa natoka na sare ya hospitali, soksi mbili mbili,
yeye na daftari lake na chupa ya chai,
tunasimama uani, kando ya mapipa ya taka.

"Igeuze. Chungulia kwa upande mkubwa."
Nageuza darubini, na mwezi wote ule,
sinia zima la shaba,
unasinyaa, wawa punje, wawa nyota.
Jicho moja tunduni, jingine mbinguni,
nitafute wa kuupima naye:
si Kilimia, hicho hafifu;
ile nyekundu inayokifuata nyuma.

Miaka yote aliyofuma magunia kiwandani
alipima hivi. Mizani yake ina namba tano tu.
Nne ni chungwa bivu.
Sifuri ni mwaka ule mlima ulipolipuka Ufilipino,
majivu yakazunguka dunia hadi juu ya paa hili.
Ameandika: *Sifuri. Sikuuona. Ailsa kasema upo.*

Ailsa hayupo.
Na macho ya mzee yote mawili yana mtoto wa jicho,
watoto pekee, hutania, waliobaki nyumbani.

"Rangi gani?"
Kiingereza changu kinaishia kwenye nyekundu.
Nasema kwa lugha yangu, polepole, kama anayesoma dawa:
hina. Hina ya siku ya tisa,
kwenye kiganja kilichoosha vyombo vingi.
Na pale ukingoni, uzi wa buluu,
ule wa moto wa jiko la mafuta utambi ukikaribia kuisha.
Anaitikia kwa kichwa, kama tulikua mtaa mmoja.

"Namba?"
Mbili.
"Nyota imeushinda?"
Imeushinda. Hapana. Ngoja.

Ukungu unapanda kutoka mtoni,
unafuta mabomba ya moshi, unafuta Kilimia,
mkono wangu unatetemeka na punje inacheza.
"Bado upo?"
Upo, nasema,
nikitazama mahali ulipokuwa.

Anaandika kwa herufi kubwa kubwa, pua ikigusa karatasi.
"Una hakika?"

Sina.

Anaandika na hilo.