Maelezo kwa Trafiki wa Mnara wa Saa

Afande, kweli, nimeuzunguka mnara kinyume.
Siyo pombe. Nusa. Siyo simu.
Ni Burundi hiyo, bado imo mikononi.

Siku kumi na moja nimeshika kulia
na usukani wangu huu huu wa kulia,
nikijificha nyuma ya malori kama kobe,
na shangazi Aikande, kushoto, ndiye macho yangu:
"Pita. Usipite! Haya pita, Eliapenda,
au unangoja uchumbiwe?"

Tulikwenda kumwona Ndeshi, bintiye,
aliyeolewa Gitega na mwalimu wa hesabu.
Tulibeba mikungu miwili ya mshare,
kihamba kizima kikinukia ndani ya Noah,
Babati, Singida, Nzega, Kahama.
Pale Kobero mtu wa forodha akauliza kwa Kifaransa tumebeba nini.
Shangazi akamjibu Kichaga.
Mpaka leo sijui walielewana nini,
ila tulilipa kidogo.

Kisha kibao: RALENTIR.
Nikakisoma kama jina la kijiji.
Mbele kidogo, tena. Mbele ya shule, tena.
Nikamwambia shangazi, kijiji hiki kikubwa,
tangu asubuhi hatujakimaliza.
Askari wao ndiye aliyenifundisha, akinipungia mkono:
taratibu, papa. Na adrwati, papa, adrwati!
Upande wako, yaani. Kaa upande wako.

Vilima, afande.
Kule nchi haikupigwa pasi.
Imekunjwa kama kanga iliyotoka kukamuliwa,
na kila kunjo lina mgomba, maharage, mtu na jembe.
Bugarama ina baridi ya Marangu;
karoti zimeoshwa, zimepangwa kando ya lami,
unaona haya kuzila.
Halafu barabara inaanza kuanguka kuelekea Bujumbura.
Vijana juu ya baiskeli, mikungu sita nyuma,
breki yao kandambili.
Wakipanda, wananing'inia kwenye mkia wa lori
kama ndama asiyetaka kuachishwa.
Nilitaka kufumba macho.
Shangazi akasema, nitafumba mimi, ya kwako yana kazi.
Alipofumbua, ziwa lote lilikuwa chini yetu,
na ng'ambo, milima ya Kongo, buluu, imekaa kimya.
Usiku huo kiboko alivuka barabara ya hoteli
akaenda zake kwenye majani.
Na yeye alishika kulia.

Gitega nimeiruka. Najua.

Gitega walituwekea pombe ya ndizi, urwagwa,
mtungi mmoja, mirija mingi.
Shangazi akavuta. Akakaa nayo mdomoni.
Wakwe wote wakimtazama koo.
Akasema: "Huyu ni ndugu yetu.
Ila kasahau ulezi."
Ndeshi ndiye mkalimani.
Akainuka, akaenda kuchota maji
na ndoo zote zilikuwa zimejaa.
Mwalimu akabaki anatutazama,
tukabaki tunamtazama, tunatabasamu,
mpaka mtungi ukaisha na hapakuwa tena na cha kutafsiri.

Unauliza kiti hiki cha abiria mbona kimefungwa mkanda
na hakina mtu.
Ni kikapu tu, afande: maharage ya wakwe, majani ya chai ya Teza.
Shangazi amebaki. Mimba ya Ndeshi ina miezi minane.
Amesema hatoki mpaka mtoto asikie Kichaga kwanza,
Kirundi cha pili,
hicho kingine atakikuta kwenye vibao.

Basi nimerudi bila macho ya kushoto.
Jana kutwa. Usiku kucha.
Alfajiri, baada ya Boma Ng'ombe, Kibo ikajitokeza
na mimi nikashtuka nusura nisimame,
maana tulipoondoka iliketi kulia
na sasa iko kushoto,
na hakuna aliyeipiga faini.

Andika. Thelathini ni halali yako.
Ila niambie taratibu, sijalala:
kutoka hapa kwenda Pasua
kushoto ni upande upi?